Wafungwa walipanda ndege, deni likabaki Chad: kisa cha watoto 103 wa Safina ya Zoé

Chukua faranga milioni 40 za CFA, zizidishe mara 103. Unapata bilioni 4 na milioni 120. Hiyo ndiyo fidia iliyoamriwa na mahakama ya jinai ya N'Djamena, mji mkuu wa Chad, tarehe 26 Desemba 2007, kwa familia za watoto 103 waliokaribia kupakiwa kwenye ndege na kupelekwa Ufaransa. Kwa euro ni kama 61,000 kwa kila mtoto, jumla milioni 6.3 hivi. Kuzigeuza hakuna haja ya kupitia duka la kubadilishia fedha kuulizia bei ya leo, kwa sababu faranga ya CFA haipandi wala haishuki mbele ya euro. Euro 1 ni faranga 655.957, jana na leo, kwa makubaliano na Ufaransa. Namba hiyo nitairudia, maana ina jambo lake katika kisa hiki.

Kisa chenyewe wengi tulikifuata redioni mwaka ule kama sinema ya Wazungu waliokamatwa jangwani na watoto wa watu. Sinema ilipokwisha tukazima redio. Mimi kinachonirudisha ni kile kilichoendelea baada ya kamera kuondoka: namna nchi mbili zilivyoshirikiana vizuri mno juu ya Wafaransa sita waliohukumiwa, zikashindwa kabisa kushirikiana juu ya familia mia na tatu.

Safina ilivyoundwa

L'Arche de Zoé, yaani Safina ya Zoé, ni shirika la misaada lililoanzishwa Ufaransa mwaka 2005, baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi. Mwanzilishi wake, Éric Breteau, alikuwa zimamoto wa kujitolea, na kazi ya kwanza ya shirika ilikuwa kambi ya watoto kule Banda Aceh, Indonesia. Mpaka hapo hakuna la kulaumu. Mambo yalibadilika Aprili 2007, shirika lilipotangaza kwamba litawatoa yatima 10,000 wa Darfur wenye umri chini ya miaka 5 na kuwapeleka Ulaya na Amerika.

Wakati huo Darfur, eneo la magharibi mwa Sudan, ilikuwa inawaka kwa vita. Zaidi ya Wasudan 200,000 walikuwa wamevuka mpaka na kuishi katika kambi 12 za mashariki mwa Chad, na picha zao zilikuwa kwenye televisheni za Ulaya kila jioni. Familia zikajitokeza. Nyingi zilikuwa watu waliokwisha hangaika miaka na taratibu za kuasili mtoto bila mafanikio. Shirika lilikuwa makini na maneno yake: hakuna kuasili, ni kumpokea mtoto, kisha ataombewa hifadhi ya ukimbizi. Lakini ukimwambia mtu aliyesubiri mtoto miaka 6 kwamba atapokea mtoto asiye na baba wala mama, unajua anasikia nini. Familia zilichangia gharama za safari, baadhi kwa zaidi ya euro 2,000 kila moja.

Serikali ya Ufaransa haikuwa imelala. Wizara ya mambo ya nje ilitoa tahadhari kwa familia, ikapeleka suala hili kwa waendesha mashtaka wa Paris Julai 2007, na mwanzoni mwa Agosti ikarudia onyo hadharani. Kumbe wakati huohuo, kule Chad, wanachama wa shirika lilelile walikuwa wakipewa lifti na ndege za jeshi la Ufaransa lililokuwa na kikosi nchini humo. Wizara ya ulinzi ilikiri baadaye. Maelezo yalikuwa kwamba ndege za jeshi zilikuwa na kawaida ya kuwabeba watu wa misaada, na hawa walijitambulisha kwa jina jingine: Children Rescue.

Hapa nasimama kidogo. Tukizungumza ushirikiano wa kimataifa dhidi ya biashara ya watoto, akili inakimbilia Interpol, mikataba na mikutano ya mawaziri. Lakini kilichohitajika hapa kilikuwa kitu kidogo sana, barua moja kutoka ofisi moja ya Paris kwenda ofisi nyingine ya Paris, na nakala yake N'Djamena, kwamba Children Rescue na Safina ya Zoé ni watu walewale. Wizara mbili za serikali moja hazikuambiana. Kisha tunashangaa serikali mbili zinapokosa kuambiana.

Biskuti, shule, na neno yatima

Shirika liliweka kituo Adré, mji wa mpakani kabisa na Sudan, kwa kibali cha kulea watoto huko. Kusafirisha watoto nje ya Chad hakukuwamo katika kibali chochote. Wakala wa kienyeji wakatumwa vijijini kuzunguka Adré na Tiné kutafuta watoto. Wazazi walisimulia baadaye walichoahidiwa: shule, chakula, matibabu, hapohapo Adré au Abéché. Baadhi ya watoto walisema walifuata peremende na biskuti.

Kuahidiwa shule si jambo dogo kwa mzazi wa kijiji kisicho na shule. Nani kati yetu hana ndugu aliyelelewa kwa shangazi mjini ili asome? Mtoto anaondoka na mfuko wa nguo, anarudi sikukuu. Hiyo ndiyo ramani iliyokuwa kichwani mwa mzazi aliyekubali. Mfaransa aliyeandika jina la mtoto daftarini alikuwa na ramani nyingine, na ilikuwa kazi yake, si ya mzazi, kuzilinganisha.

Kuna pia suala la neno. Sisi wenye Kiswahili tulilichukua neno yatima kutoka Kiarabu, na Kiarabu ndicho kinachozungumzwa na wengi kule mashariki mwa Chad. Katika matumizi ya Kiislamu, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba. Mama anaweza kuwa hai, yuko jikoni anapika, na mtoto bado ni yatima. Kwa Mfaransa anayefikiria kuasili, yatima ni mtoto asiye na mtu. Sisemi mkanganyiko huu ndio ulioleta msiba wote. Wazazi wengine walikuwa hai wote wawili na mtoto hakuwa yatima kwa lugha yoyote ile. Ila anayekusanya watoto kwa kigezo cha uyatima, halafu hajui neno lina maana gani mahali alipo, hana kigezo.

Na kulikuwa na jambo jingine la wazi. Sheria ya Kiislamu, ambayo sheria ya familia ya Sudan imejengwa juu yake, haimtambui mtoto wa kuasili kama mtoto wa kuzaa. Inayo kafala, yaani kumlea mtoto wa mwenzio huku akibaki na nasaba yake. Kwa hiyo hata kama watoto wote 103 wangekuwa Wadarfur waliofiwa na kila mtu, njia ya kuwageuza kuwa watoto wa familia za Ufaransa haikuwepo kisheria walikotoka.

Alfajiri ya tarehe 25 Oktoba

Mpango ulikuwa hivi. Watoto waletwe kwa ndege ndogo hadi Abéché, mji mkubwa wa mashariki. Pale uwanjani isubiri Boeing 757 iliyokodiwa kutoka kampuni ya Kihispania. Ipae usiku uishapo, na kufika uwanja wa Vatry, mashariki mwa Paris, ambako familia zingekuwa zimekusanyika.

Mmoja wa waandishi wa habari watatu waliofuatana na shirika alikuwa na kamera, na picha zake zilionekana baadaye duniani kote. Wanachama wa shirika wanawafunga watoto bendeji kichwani na mikononi. Wanawapaka iodini mahali pasipo na jeraha, ile dawa ya kahawia inayoacha doa kwenye ngozi hata ukioga mara mbili. Mtu yeyote aliyewahi kumfunga mtoto kidonda anajua utaratibu: mtoto analia kwanza, bendeji inafuata. Pale watoto walifungwa bendeji wakiwa wazima, ili msafara uonekane kama wa majeruhi ukipita mjini.

Mimi picha hiyo ndiyo iliyonimalizia ubishi wa nia njema. Mtu anayeamini ana haki ya kumbeba mtoto hampaki dawa ya uongo. Alijua kuna mlinzi atakayeuliza, na alijua jibu la kweli halitapita.

Magari hayakufika uwanjani. Yalisimamishwa Abéché asubuhi hiyo, na Wazungu 17 wakawekwa ndani: Wafaransa 9, watatu kati yao wakiwa waandishi, wafanyakazi 7 wa ndege, wote Wahispania, na rubani mmoja Mbelgiji wa miaka 75 aliyewaleta watoto kutoka mpakani. Wachad na Msudan waliosaidia kazi nao wakakamatwa. Vatry, familia zilisubiri ndege ambayo haikuja.

Kumuuliza mtoto kwao ni wapi

Sehemu hii ya kisa husimuliwa kwa sentensi moja, nami naona ndiyo iliyofanyika vizuri kuliko zote. Watoto walipelekwa kwenye kituo cha yatima Abéché. UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi (UNHCR) na Msalaba Mwekundu wa kimataifa wakaanza kuzungumza nao mmoja mmoja. Tarehe 1 Novemba, wiki moja tu baada ya kukamatwa kwa msafara, walitoa matokeo ya awali. Wasichana 21, wavulana 82, umri kati ya mwaka 1 na miaka 10 hivi. Watoto 91 walieleza maisha ya nyumbani yenye angalau mtu mzima mmoja wanayemwita mzazi. 85 walitoka vijiji vya kuzunguka Adré na Tiné, upande wa Chad.

Fikiria kazi iliyomo ndani ya namba hizo. Mtoto wa miaka 4 hajui jina la wilaya. Ukimuuliza mama yake anaitwa nani, anakwambia Mama. Inabidi umuulize nani huchota maji, kisima kiko wapi, nani alimbeba mgongoni, ana kaka, kaka anachunga nini. Unamuuliza kwa lugha yake, na kule mpakani lugha si moja. Kisha unalinganisha na alichosema mwenzake wa kijiji hichohicho bila kumwonyesha kwamba unampima. Kazi ya namna hii haina picha ya kupigwa. Lakini ndiyo iliyobomoa hadithi ya yatima wa Darfur katika siku 7, na iliibomoa kwa ushahidi wa watoto wenyewe.

Wakati huohuo waliokuwa na vipaza sauti walikuwa wanasema mengine. Rais wa Chad, Idriss Déby, aliwatembelea watoto Abéché, akataja hadharani uwezekano wa kuuzwa kwa walawiti, hata kuuawa ili viungo vyao viuzwe. Hakuna ushahidi wa hayo uliowahi kutokea. Ila maneno ya rais hayafutiki kwa kukosa ushahidi, na kule Abéché na N'Djamena watu waliandamana.

Kisheria jambo hili lina uzito wake. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ambayo ndiyo msingi wa sheria nyingi za biashara haramu ya binadamu duniani, pamoja na zetu za Afrika Mashariki, inasema kwa mtoto huhitaji kuthibitisha kwamba alidanganywa au kulazimishwa. Inatosha kwamba alichukuliwa au kusafirishwa kwa lengo la kunyonywa. Na hapo ndipo mwendesha mashtaka angekwama. Familia zile za Ufaransa hazikuwa na nia ya kumnyonya mtoto, zilitaka kumlea. Kwa hiyo kisa ambacho dunia nzima ilikiita biashara ya watoto hakikushtakiwa kama biashara ya watoto. Chad ilitumia kanuni yake ya adhabu: kujaribu kuteka watoto kwa lengo la kuvuruga hadhi yao ya kiraia, kughushi, na kukwepa kulipa huduma walizochukua kwa mkopo. Kuvuruga hadhi ya kiraia ni maneno makavu, lakini yanalenga palepale: mtoto mwenye jina, ukoo na kijiji anageuzwa kuwa mtoto asiye na chochote kati ya hivyo.

Mkataba uliomlenga mtu wa aina ya Breteau barabara ni mwingine, ule wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili kwa kuvuka mipaka. Huo unataka mamlaka za nchi anakotoka mtoto zithibitishe kwanza kwamba anaweza kuasiliwa, kwamba walezi wamekubali wakielewa wanachokubali, na kwamba nchini mwake hakuna wa kumlea. Ufaransa ilikuwa mwanachama, Chad haikuwa. Safina ilipita katika tundu hilo. Congo-Brazzaville iliona hatari mapema: siku chache baada ya Abéché ilisimamisha kuasiliwa kwa watoto wake na wageni.

Mkataba wa mwaka 1976 unafanya kazi haraka

Kuanzia hapa tazama kasi. Tarehe 4 Novemba Rais wa Ufaransa, Nicolas Sarkozy, alitua N'Djamena na kuondoka siku hiyohiyo na waandishi watatu wa Kifaransa na wahudumu wanne wa ndege wa Kihispania, akapitia Madrid kuwashusha. Siku mbili baadaye akasema atakwenda kuwachukua waliobaki, wawe wamefanya nini. Kauli hiyo iliwachoma sana wanasheria wa Chad, na sijui ingewezaje kutowachoma. Wahispania watatu wa mwisho na rubani Mbelgiji waliachiwa tarehe 9 Novemba.

Kesi ya Wafaransa sita ilisikilizwa kuanzia tarehe 21 Desemba. Siku 5 baadaye hukumu ikatoka, miaka 8 ya kazi ngumu kwa kila mmoja pamoja na fidia ile ya bilioni 4 na milioni 120. Msudan mmoja na Mchad mmoja walipata miaka 4.

Mawakili walilalamika kwamba kesi ilikimbizwa. Ilikimbizwa kweli, na hata asiye wakili anaona kwa nini. Ufaransa na Chad zilikuwa na mkataba wa ushirikiano wa kimahakama wa mwaka 1976 unaoruhusu mfungwa kutumikia adhabu kwao, lakini mfungwa ni yule aliyekwisha kuhukumiwa. Bila hukumu hakuna uhamisho. Hukumu ilitoka tarehe 26. Tarehe 28 wote sita walikuwa Ufaransa.

Ufaransa haina adhabu ya kazi ngumu. Kwa hiyo tarehe 28 Januari 2008 mahakama ya Créteil, karibu na Paris, iliitafsiri hukumu ya N'Djamena kuwa kifungo cha kawaida cha miaka 8. Siku hiyohiyo Umoja wa Ulaya ulizindua rasmi kikosi chake cha kijeshi mashariki mwa Chad, ambacho Ufaransa ndiyo iliyokipigia debe kuliko wote. Sidai kwamba Créteil walikuwa wanatazama Brussels. Nasema tu kwamba jambo la watoto lilikuwa limekaa katikati ya meza yenye mambo makubwa zaidi.

Na meza ikatikisika. Mwanzoni mwa Februari waasi waliingia N'Djamena na kufika karibu na ikulu. Déby alibaki madarakani, Ufaransa ikiwa upande wake. Tarehe 7 Februari, moshi bado haujatulia mjini, akasema yuko tayari kuwasamehe Wafaransa wale. Tarehe 31 Machi alitia saini msamaha, na siku hiyohiyo wakatoka gerezani. Wametumikia, ukihesabu tangu Abéché, miezi mitano na siku kadhaa.

Hesabu hatua zilizofaulu ndani ya muda huo: uhamisho wa wafungwa, kugeuza adhabu ya nchi moja kuwa ya nchi nyingine, msamaha wa rais wa Kiafrika kufungua mlango wa gereza la Ulaya. Anayesema ushirikiano wa kisheria kati ya Afrika na Ulaya hauwezekani hajasoma jalada hili. Unawezekana, na unakwenda mbio, kukiwa na mtu wa kuusukuma.

Na milioni 40?

Msamaha wa rais unafuta adhabu. Haufuti fidia, kwa sababu fidia ni mali ya aliyeumizwa, na rais hawezi kusamehe deni lisilo lake. Hili wanasheria wa pande zote walikubaliana. Mgogoro ulikuwa nani alipe. Chad iliitazama Ufaransa. Ufaransa ikajibu kwamba deni ni la waliohukumiwa, si la serikali. Waliohukumiwa walikuwa watu sita wasiokuwa na euro milioni 6.3, na mkuu wao hakukubali kwamba anadaiwa.

Kisheria jibu la Ufaransa lilikuwa na mantiki. Hata raia wa kawaida akifungwa nje, nchi yake hailipi fidia yake. Lakini angalia milango iliyobaki kwa baba wa Adré. Hukumu ya fidia ya nchi ya nje haitekelezwi Ufaransa mpaka mahakama ya Ufaransa iipe idhini, kwa hiyo anahitaji wakili wa Paris. Ufaransa inao mfuko wa kuwafidia waathirika wa uhalifu pale mhalifu anapokosa uwezo, lakini umewekwa kwa ajili ya raia wake au makosa yaliyotendeka kwenye ardhi yake. Baba huyu si raia, na kosa lilitendeka Abéché. Wahenga walikwisha sema: asiyekuwepo na lake halipo.

Sasa nirudi kwenye 655.957. Faranga ambayo fidia ile iliandikwa ina historia ya pekee. Ilizaliwa mwaka 1945, wakati wa ukoloni. Noti zake huchapishwa Ufaransa. Thamani yake inadhaminiwa na hazina ya Ufaransa kwa mkataba, na kwa upande wake benki kuu ya nchi sita za Afrika ya Kati, Chad ikiwa mojawapo, huweka sehemu ya akiba yake ya fedha za kigeni katika hazina hiyo. Januari 1994, katika mkutano wa Dakar, iliamuliwa kwamba badala ya faranga 50 za CFA kununua faranga 1 ya Ufaransa, zitahitajika 100. Watu walilala na pesa yao, wakaamka na nusu. Mchuuzi wa Abéché aliyekuwa ameweka akiba chini ya godoro hakuulizwa.

Wapo wanaouita mfumo huo ngao dhidi ya mfumuko wa bei, na wapo wanaouita uchezeaji wa sarafu ya watu wengine. Ubishi huo ni mrefu na hauishii hapa. Ninachokiona katika kisa hiki ni kidogo zaidi. Paris na N'Djamena zilikuwa na mkataba unaoshikilia thamani ya kila faranga mfukoni mwa kila Mchad hadi tarakimu ya tatu baada ya nukta. Zilikuwa na mkataba wa kubeba wafungwa kwa ndege ndani ya siku mbili. Chombo cha kubeba milioni 40 kutoka kwa aliyehukumiwa kwenda kwa mzazi hazikuwa nacho, na hakuna aliyekaa usiku kucha kukitafuta. Hata fidia ingelipwa kwa euro, kugeuza kungekuwa rahisi kuliko popote duniani. Kiwango kilikuwa tayari kimeandikwa.

Paris, miaka mitano baadaye

Ufaransa iliendesha kesi yake Desemba 2012. Mashtaka yalikuwa matatu: kufanya kazi ya wakala wa kuasili bila kibali, kuzilaghai familia zilizochangia, na kujaribu kusaidia wageni wenye umri mdogo kuingia na kuishi Ufaransa bila ruhusa. Soma hilo la tatu tena. Katika jalada la N'Djamena watoto wale walikuwa watoto waliokaribia kutekwa. Katika jalada la Paris, kwa shtaka hilo, walikuwa wageni ambao wangekosa viza.

Hilo la ulaghai nalo linaonyesha kesi ilitazama upande gani. Aliyelaghaiwa ni familia ya Ufaransa iliyotoa pesa na kusubiri Vatry. Sizidharau familia hizo, nyingi zilidanganywa waziwazi. Lakini wazazi waliodanganywa kwa biskuti na shule walikuwa kesi ya nchi nyingine, iliyokwisha kufungwa kwa msamaha. Mpaka wakati huo walikuwa hawajalipwa.

Breteau na mwenzake Émilie Lelouch, waliokuwa wamehamia Afrika Kusini, hawakuonekana wakati kesi ikisikilizwa. Walikuja siku ya hukumu, tarehe 12 Februari 2013, wakapewa miaka miwili gerezani na kutiwa pingu palepale. Mwaka mmoja baadaye mahakama ya rufaa iliibadilisha kuwa miaka miwili ya kifungo kilichoahirishwa.

Watoto walirudishwa kwao Machi 2008, baada ya kukaa kituoni Abéché zaidi ya miezi minne, kungoja taratibu. Ulikuwa ni mwezi uleule wa msamaha, na walitangulia kutoka kwa wiki mbili hivi. Yule mdogo kuliko wote, aliyekuwa na mwaka 1 alipopakiwa kwenye gari alfajiri ile, alitimiza miaka 18 mwaka 2024 hivi. Fidia iliyoandikwa kwa ajili yake, kwa kiwango kilekile cha 655.957, bado ingekuwa euro 60,980.